Nilirahisisha kipande kimoja cha chuma, mjomba akakosa kazi

Wakuu, hamjambo. Hili limenikaa kooni, nalitoa lilivyo. Wallahi siongezi chumvi.

Kabla hamjauliza: ndiyo, ni mwanamke, na ndiyo, nakereza vyuma. Karakana yetu iko Changamwe, upande wa kuelekea Port Reitz. Aliianzisha mjomba wangu Athmani. Mimi nilipotoka chuo cha ufundi niliingia na laptop yangu, nikawa mchoraji wa vipuri.

Mteja wetu mkubwa alikuwa kiwanda cha kusaga plastiki kuukuu. Kila mara walituletea kipande kilekile, kimepasuka, tuwatengenezee kingine.

Ni chuma kizito mfano wa kikombe, ndani kina shimo la mraba. Shafti, yaani mhimili wa mota wenye ncha ya mraba, inaingia mle, inazungusha visu.

Sasa, mashine hukata kwa kifaa cha duara. Kona kali haiwezi, lazima iache mviringo. Kwa hivyo kona zote mjomba alizimaliza kwa tupa, akisugua kwa mkono, mle ndani ya shimo lisilotokea upande wa pili, mkono wenyewe hauingii vizuri. Akimaliza anapapasa kona kwa kidole na kusema, "Hii ndiyo pembe."

Nyie wachoraji, pembe ile kwenye screen ni click moja tu. Mjomba alikuwa akishinda amejikunja.

Karakana nyengine zote ziliikataa kazi ile. Ndiyo iliyotulisha sisi.

Lakini macho yalianza kumsumbua, nikamwonea huruma. Nikabadilisha design: shimo litokee upande wa pili, na kila kona itobolewe kwanza tundu dogo la duara. Shafti inakaa vizuri bila kugusa kona, na tupa haitakiwi tena. Bi Zawadi, mhandisi wa kiwanda, aliupenda mchoro hapo hapo, akaulipia.

Mjomba aliutazama kwa muda. "Mwanangu, hiki sasa kila mtu atakiweza."

Nikacheka. Nilidhani ananisifu.

Kiwanda kilipeleka mchoro kwa karakana nyengine yenye mashine mpya. Siwezi kuwalaumu, ni mali yao. Nikajipa moyo kwamba vitapasuka na watarudi kwetu, kama kawaida.

Hawakurudi.

Zikabaki kazi za bawaba na mageti, hazikutosha watu wawili. Mjomba akasema anakwenda kwake Likoni apumzike kidogo. Tupa zake aliziacha kwenye droo, nami nikajua hatarudi. Nililia siku ile, sioni haya kusema.

Juzi nikakutana na Bi Zawadi sokoni Kongowea. Akanishukuru sana. Tangu ule mchoro, hakuna kipande kilichopasuka. Zile kona kali ndizo zilizokuwa zikianzisha ufa, na matundu ya duara yameuzuia.

Chuoni tulifundishwa hayo. Sikuwahi kuyafikiria pale karakanani.

Nilikwenda Likoni kumjulia hali mjomba, nikaapa moyoni sitamwambia. Nikamwamkia, akaitika, tukanywa chai. Kisha akauliza mwenyewe, "Wale wa plastiki, vyuma vyao havipasuki siku hizi?"

Mjomba yule ndiye aliyenilea. Nikashindwa kumdanganya, nikamweleza yote.

Kidole chake kilikuwa kikipapasa kona ya meza, taratibu.

"Kumbe ufa nilikuwa nautia mimi," akasema.

Nikaosha vikombe, nikaaga.

Nilichojifunza, wakuu: mchoro rahisi ni mchoro mzuri, na hata leo ningeuchora vilevile. Ila kabla hujaondoa ugumu wa kazi, kaa na yule anayekula kwa ugumu ule, mzungumze. Mimi nilikaa na mteja peke yake.

Tupa bado ziko kwenye droo na zimeanza kushika kutu. Sijui nimpelekee au nitakuwa namtonesha kidonda. Nyie mngefanyaje? Niambieni, hata kwa kunisema, nitasoma.