Presha ya Mbeba Magunia

Ghala la kahawa nilikofanya kazi, upande wa Nyabiyonza, lina mlango mmoja mpana unaotazama mashariki, na asubuhi za msimu ukungu huingia ndani kabla ya watu. Mimi nilikaa kwenye mizani. Nje lilisimama lori, na kati ya lori na ghala ulilazwa ubao ambao wabeba mizigo waliupanda wakiwa na magunia mabegani. Sikuwaona vizuri. Niliona miguu, kisha ukungu, kisha miguu tena. Ubao ulilia kila mmoja alipofika katikati, na kuna asubuhi nilisikiliza mlio huo mpaka nikawa sina hakika kama nimekwisha kuamka.

Aliyetangulia siku zote alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu wa Bweranyange mwenye shingo nene na kicheko cha kusikika hadi barabarani.

"Shemeji," aliniambia akipita, "hicho kiti kitakuua. Presha ni ugonjwa wa watu wa kukaa."

"Na wewe gunia litakuua."

"Hili? Hii ndiyo dawa yangu."

Nilimwamini. Sekondari sikufika, lakini nilikuwa nimesoma kila nilichokipata kuhusu moyo: vipeperushi vya zahanati, kitabu cha biolojia kisicho na jalada nilichokinunua gulioni. Vyote vilisema mwili utembee, usikae. Kwa hiyo nilijihofia mimi, si yeye. Jioni nilizunguka kibanja chetu, migomba hadi mlangoni, nikienda huku na huku kama mtu aliyepotelewa na mbuzi, na mke wangu akinichungulia dirishani.

Siku moja ya gulio muuguzi wa zahanati, binti mdogo tu, aliweka meza karibu na ghala apime watu presha bure. Shemeji alinishika mkono akanipeleka mbele.

"Shikamoo, baba," muuguzi alimwamkia.

"Marahaba, binti. Nimekuletea mgonjwa. Huyu hukaa tangu asubuhi, hata kivuli chake kimekaa."

Alinipima. Presha yangu ilikuwa sawa. Wabeba mizigo waliokuja kutazama waliguna kwa masikitiko. Basi shemeji, kwa mzaha, akanyoosha mkono wake. Muuguzi akapima, akasubiri, akapima tena.

"Baba, umetafuna kahawa?"

Alikuwa ametafuna, kama sisi sote. Kahawa ya kutafuna ndiyo humkaribisha mgeni huku kwetu, na yeye huwa na punje shavuni tangu alfajiri.

"Basi njoo zahanati kesho, kabla ya kahawa na kabla ya mzigo. Ikibaki hivi utaanza dawa, na gunia uliache. Mshipa ukipasuka kichwani ukiwa juu ya ubao ule, hatutakuwahi."

"Kahawa hiyo!" aliwatangazia wenzake, nao wakacheka. Lakini mkono wake ulikuwa begani kwangu, na haukuwa na uzito wa mzaha.

Kesho yake tulikaa wawili kwenye benchi la zahanati. Muuguzi alikuwa ametutaka tutulie kwanza, miguu chini, bila maneno. Ukungu ulikuwa umeficha mpaka mti wa pale uani. Kuku walitokea humo na kurudi humo. Sikuwahi kumwona shemeji akiwa hana kitu cha kubeba. Mikono yake ilikaa magotini kama ya mtu mwingine.

Muuguzi alipompima, kwa kuwa nilikuwa nimemchosha kwa maswali, alinivalisha kile kifaa cha kusikilizia. Nilisikia mtu akitembea mbali, ndani ya nyumba iliyofungwa.

Presha ilikuwa palepale.

"Miaka yote hii nabeba, yeye anakaa," shemeji alisema, "halafu mgonjwa ni mimi?"

"Kubeba si kutembea, baba. Ukiwa na gunia unabana pumzi, mishipa inakaza, na lori halikuulizi kama umechoka. Tena haya mambo hurithiwa. Wazazi wenu?"

Mama yao, yeye na mke wangu, alianguka akichuma maharage, hakusema neno tena hadi tulipomzika. Mke wangu bado hapiti sehemu ile ya shamba.

Siwezi kusema gunia ndilo lililomfikisha hapo. Ninachoweza kusema ni kwamba halikumkinga.

Ghalani kulikuwa na kazi nyingine: kugeuza kahawa iliyoanikwa kwenye maturubai, kwenda na kurudi na reki ya mti juani. Msimamizi alikubali kumhamishia huko. Shemeji akakataa. Hiyo ni kazi ya wanawake, alisema, na vidonge akaviacha mfukoni. Mke wangu alimjia na chakula akamsikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, kaka, beba. Ila nionyeshe kabisa pa kukuzika, nisije nikauliza watu."

Aliomba maji, akameza kidonge mbele yake.

Sasa huwa yuko nje kwenye jua jepesi la asubuhi, miguu peku, kati ya wanawake, na harufu ya kahawa inapanda inawazunguka hata wanaonekana kama wanaelea. Juzi wabeba mizigo walipungukiwa na mtu mmoja, lori likiwa linapiga honi.

"Mama!" mmoja alimwita. "Njoo utusaidie! Au unanyonyesha?"

Wanawake waliangua kicheko. Shemeji alisimama. Aliutazama ubao kwa muda, reki ikiwa imetulia mkononi, nami nikaacha kupima.

"Mtoto ndiyo kwanza amelala," alijibu. "Msimwamshe."

Akageuza mstari mwingine polepole, akafika mwisho wa turubai, akaanza kurudi.