Gunzi Nililoziba Nalo Mpira wa Injini

Ninyi wajukuu wangu mnaoendesha magari ya turbo na kucheka wazee, kaeni hapa kidogo. Kogo yenu, yaani nyanya yenu mimi, hakusoma sana, lakini injini moja niliiua kwa mkono wangu, na aliyenituma ni wivu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Marehemu babu yenu alikuwa na pikapu ya dizeli yenye turbo, tuliyobebea majani chai ya boma sita mpaka kituo cha kupimia. Injini ilikuwa imechoka. Mpira wake wa kupumulia, ule bomba wa kutoa hewa ya injini, ulitoa mvuke wa mafuta, ukidondosha matone meusi mlangoni pangu. Jirani yetu Mama Njeri, ambaye watu wake walitoka Nyeri wakanunua shamba hapa, alikuwa na gari kama letu kabisa. Lake halikudondosha hata tone.

Wanangu, nilimchukia huyo mama kwa sababu ya uwanja safi. Akina mama wa kanisa wakija kwangu walikunja sketi. Wakienda kwake walikaa kwa nyasi, wakanyoosha miguu. Kila asubuhi nilichungulia kwa ua nione kama leo gari lake limechafua. Wapi!

Basi siku moja, wageni wakiwa njiani, nilichukua gunzi la mahindi nikalipigilia ndani ya ule mpira. Nikajiona mjanja. Babu yenu sikumwambia.

Kesho yake, tukipanda mlima wa Mogogosiek na mzigo, moshi wa buluu ulifunika barabara. Kijiti cha kupimia mafuta kiliruka, sili za kuzuia mafuta zikaachia, mafuta yakamwagika yote. Injini ikakwama. Jua kali, na majani ya watu yanaanza kuwa mekundu.

Ni nani alikuja nyuma yetu? Mama Njeri. Aliinama, akachomoa mpira, gunzi likaanguka, akaniuliza:

“Mama Cherono, siku hizi injini yenu inakula mahindi?”

Babu yenu akanigeukia. “Ni mimi,” nikasema.

Mama Njeri alifungua boneti yake. Kulikuwa na kopo lenye waya wa kusugulia sufuria ndani. “Mvuke unaingia hapa, mafuta yanabaki chini, hewa inarudi kwa injini. Namwaga kila Jumamosi. Lazima ipumue, mama. Tumepakana miaka yote hii, si ungeniuliza?”

Alibeba majani yetu. Nusu yalikataliwa hata hivyo, na nikaenda boma zote sita kuomba msamaha. Nitasema ukweli: siku hiyo nilimwonea wivu zaidi, si gari tu, sasa hata moyo wake mwema.

Wanangu, ukiona cha jirani kinakuuma, nenda umuulize anafanyaje. Aibu ya kuuliza ni ndogo. Mungu awape mikono safi na majirani wenye subira.

Injini nyingine ilipowekwa, pamoja na kopo kama la Mama Njeri, niliita kila mtu wa nyumba yangu nikasema: “Kopo limwagwe kila Jumamosi kabla ya chai. Hakuna mtu kuziba huo mpira. Na asiyejua, avuke ua akamuulize Mama Njeri.”