Pezi la Mninga

Pezi halikung'oka. Kwa miaka karibu thelathini nimesema liling'oka. Nilimwambia hivyo Bi Zuhura, nikamwambia marehemu mama yangu, nikawaambia hata watu niliokaa nao meza moja arusini ambao hawakuwa wameniuliza. Leo nakiri kwako, mwanangu: nililifungua mwenyewe kwa bisibisi, nikalificha ndani ya mkoba chini ya kanga. Siku yenyewe naikumbuka mpaka upande upepo ulikotokea.

Ilikuwa miaka ile soko huria limefika Singida, na kila mtu mjini anatafuta leseni ya kitu fulani. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nimerudi likizo, na nilijua kila kitu. Usinicheke sana. Ukifika mwaka wa pili utaniambia.

Likizo iliyotangulia nilikuwa mkalimani wa mgeni mmoja, mtaalamu wa visima kutoka Ulaya. Jumapili alikuwa akinifundisha mchezo wake katika Ziwa Singidani: unasimama juu ya ubao mwepesi, unashika tanga kwa mikono miwili, upepo unakusukuma. Upepo kwetu hauombwi. Nilivaa suruali ya mtumba na jaketi la kuelea, na akina mama waliokuwa wakipita kando ya ziwa walinipa pole kama niliyefiwa. Mkataba wake ulipoisha, aliwauzia watu vitu vyake. Mbao zake mbili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, pamoja na tanga vikanunuliwa na Bi Zuhura, mfanyabiashara wa mjini ambaye wazee wake walitoka pwani zamani kuja kuuza vitambaa. Bi Zuhura alikuwa anajenga nyumba ya wageni karibu na ziwa, na alitaka wageni wake wapate mchezo huo.

Tatizo lilikuwa pezi. Chini ya mkia wa ubao kama ule kuna kipande bapa kinachoshuka ndani ya maji, mfano wa pezi la samaki. Bila hicho ubao hauendi unakotaka wewe, unakwenda unakotaka upepo. Mapezi ya yule mgeni yalikuwa yamevunjikia kwenye mawe ya ziwa. Ndipo nikampeleka Bi Zuhura kwa baba yangu mdogo, fundi seremala wa Mandewa, ambaye alikuwa hajawahi kuiona bahari hata kwenye picha ya rangi.

Bi Zuhura aliweka sharti lake wazi. Pezi likifanya kazi mbele ya macho yake, baba mdogo atapewa milango, madirisha na vitanda vya nyumba yote ya wageni. Kwa fundi wa randa na msumeno wa mkono, ile ilikuwa kazi ya miaka miwili. Baba mdogo alikuwa ameshaanza kuzungumzia mashine ya kuranda.

Mgeni aliniachia gazeti la mchezo huo, na ndani yake niliona picha ya kijana akigeuza ubao juu ya wimbi, pezi lake dogo limelala nyuma kama mundu. Nikamshikilia baba mdogo atengeneze kama lile. Akalitengeneza, urefu wa shibiri moja, zuri kweli. Kisha akaenda ziwani, akaugeuza ubao chali, akaupapasa kuanzia puani hadi mkiani, na aliporudi akachonga jingine la mninga, ule mti mgumu. Lilikuwa limesimama wima, na urefu wake ulikaribia shibiri mbili.

Alinieleza kwa nini. Ule ubao mrefu, alisema, una mkia mpana, kwa hiyo umetulia lakini ni mvivu wa kugeuka. Huu mfupi una mkia mwembamba. Ukiegemea upande mmoja, ukingo wake unazama na ubao unageuka wenyewe, kama baiskeli inavyoinama kwenye kona. "Ubao huu kugeuka unajua tayari," alisema. "Kinachotakiwa ni wa kuushika. Na tanga lenu ni kubwa. Wewe umeona plau: ng'ombe wakiwa na nguvu na ubavu wa plau ukawa mfupi, inakimbilia pembeni, hailimi. Hilo dogo chukua wewe, msomi, ukapambe chumba chako."

Nikasema, "Sawa, baba."

Hapo ndipo penye kosa langu, mwanangu, na ni kosa la watu tuliolelewa vizuri. Kwetu mtoto hambishii mzee kuhusu kazi ya mikono yake. Nilimwitikia kwa adabu yote, nikainamisha kichwa, na moyoni nikamcheka. Plau na maji wapi na wapi? Aliyezaliwa mahali pasipo adabu hizo angembishia palepale, wangeulizana, na jibu lingepatikana. Mimi niliitumia heshima kama pazia, kisha nikafanya nilichotaka nyuma yake.

Siku ya majaribio mimi ndiye niliyekuwa nipande ule ubao mfupi. Baba mdogo alilifunga pezi la mninga mwenyewe asubuhi, akalikaza, akalitikisa, akaridhika. Alipokwenda kumpokea Bi Zuhura njiani, nikaugeuza ubao nyuma ya jiwe, nikalifungua lile la mninga na kulificha mkobani, nikafunga lile dogo. Nilitaka kugeuka kama kijana wa kwenye picha. Ile picha ilikuwa na maelezo chini yake, na miaka mingi baadaye niliyasoma: pezi la namna hiyo ni la tanga dogo na mawimbi makubwa. Ziwa letu halina mawimbi, na tanga langu lilikuwa kama ukuta. Msomi alitazama picha tu.

Niliondoka vizuri. Watu wakapiga makofi. Kona ya kwanza niligeuka kwa wepesi mpaka nikatabasamu peke yangu. Kisha upepo ukakaza. Tanga likavuta, nikasukuma kwa mguu wa nyuma, na chini ya mguu sikukuta chochote cha kunishikilia. Mkia uliteleza pembeni kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Nikaanguka, nikapanda, nikaanguka tena. Kila nilipojaribu kurudi upande wa upepo, ubao ulinipeleka kimshazari kuelekea ng'ambo. Niliwaona watu wakipungua ukubwa ufukweni, na kati yao shati jeupe la baba mdogo, shati lake la sikukuu.

Nilitupwa kwenye mawe ya upande wa pili, mzima wa mwili. Nilikuwa na dakika chache kabla hawajanifikia. Kwa bisibisi iliyokuwa mfukoni mwa jaketi nikalifungua lile pezi dogo, nikalitupa mbali majini. Walipofika wakihema, mkia wa ubao ulikuwa mtupu.

"Limeng'oka," nikasema.

Bi Zuhura hakugomba. Aliangalia tundu la pezi mkiani, akamwangalia baba mdogo, akauliza kwa upole kabisa, "Fundi, kipande kidogo hivi kikikutoka, mlango wangu utakaa?"

Baba mdogo aliniangalia mimi. Nilitazama miguu yangu. Akasema, "Labda sikukaza sawasawa." Mtu aliyekaza, akatikisa, akaridhika.

Kazi ya nyumba ya wageni alipewa fundi mwingine. Hilo peke yake lingetosha kuniondolea usingizi. Lakini asubuhi tatu zilizofuata baba mdogo alikunja suruali, akaingia ziwani, akawa anapapasa tope kwa nyayo akilitafuta pezi lake. Alitaka kuona lilishindwa wapi. Nami nilisimama ufukweni nikimwelekeza: "Mbele kidogo, baba. Hapo kushoto." Pezi lilikuwa ndani ya mkoba, begani kwangu. Mwanangu, nimeandika mengi maishani ya kuwasema wakubwa wa nchi kwa uongo wao, na kila ninapoandika naisikia sauti yangu ile: hapo kushoto, baba.

Mwaka uliofuata alihamia kijijini Ihanja, akawa anachonga mipini ya majembe. Nilisikia kwamba akipewa kazi ya kuunganisha mbao huwa anairudia mara tatu, na nyingine anazikataa. Pezi nililisafirisha hadi Dar, likahama nami nyumba baada ya nyumba. Kulichoma sikuweza, na kulitundika ukutani nisingethubutu.

Basi nasaha yangu ni hii, na sina nyingine bora. Ukidhani mzee amekosea, mwamkie kwanza, kisha mwambie usoni pake, wala usimwitikie "sawa" isiyotoka moyoni. Ukigusa kazi ya mtu, sema umeigusa, siku hiyohiyo, kabla hajaanza kuishuku mikono yake. Kazi ya milango ikipotea, nyingine hupatikana. Mimi nilimnyang'anya fundi imani kwa mikono yake, na hiyo sikuiona ikiuzwa duka lolote. Mungu akuepushe na aibu inayozeeka pamoja nawe, na kama unayo tayari, akupe nguvu ya kunyanyua simu.

Mimi nilinyanyua yangu Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi. Pezi lilikuwa mezani mbele yangu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza hali ya watoto. Nikamweleza yote bila kupumzika, hata ya kwenye tope.

"Limepinda?" akauliza.

Nikalilaza juu ya meza, nikalibonyeza huku na huku. "Halijapinda, baba."

"Tundu la skrubu limepanuka?"

"Hapana. Ni duara kamili."

"Kwa hiyo halikung'oka."

"Halikung'oka."

Nilimsikia akimgeukia mtu aliyekuwa karibu naye, nadhani mama mdogo, akisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya mahindi, kwamba lile pezi lilikuwa zima. Kisha akarudi kwangu.

"Lilete nilione," akasema. "Mungu akufikishe salama, mwanangu. Lakini uje umelishika mkononi. Usiliweke kwenye mkoba."