Mkono Uliojifunza Kuusubiri Mguu

Nimeombwa mara nyingi nisimame kanisani nisimulie, lakini nikishika kipaza sauti nalia kabla sijasema lolote. Basi naandika. Naitwa Eliza, mwalimu wa michezo hapa Kasulu, na kabla ya ajali nilikuwa mrusha mkuki. Nilikuwa nakimbia, nautanguliza mguu wa kushoto, nautua, mkono unafuata, na mkuki unakwenda zake. Sikuwahi kujiuliza viungo vyangu vinaelewanaje. Mzima hana habari.

Ajali ilinikuta wakati wa mvua, natoka Munanila kwa bodaboda. Udongo wetu mwekundu ukilowa ni sabuni. Pikipiki ililala, nami chini yake. Nilipoutazama mguu wa kushoto, niliona mfupa wa muundi umetoboa ngozi, mweupe kabisa. Maumivu yalichelewa kidogo. Yalipofika, nilikiona cha mtema kuni.

Hospitali walinifunga vyuma kwa nje, vikapita kwenye nyama hadi mfupani. Niliporuhusiwa kwenda nyumbani, shangazi yangu, kwa mapenzi tu, akanipaka mawese penye kidonda. Kwetu mawese ni chakula na ni dawa pia, hata mtoto mchanga hupakwa. Mimi mwenyewe nilimshukuru. Kidonda kikaanza kutoa usaha na harufu iliyowafanya wageni wakae karibu na mlango. Tuliporudi hospitali, daktari alisema bila kuzunguka: wangekisafisha, na usaha usipokoma, wangeukata mguu.

Niliomba kila nilipokuwa macho. Walikwangua, wakaosha, wakanichoma sindano hadi makalio yakawa magumu. Harufu ikapungua, kisha ikaisha. Siku moja daktari aliinua picha ya eksirei dirishani, akanionyesha kitu kama ukungu katikati ya mfupa uliovunjika.

"Huo ni mfupa mpya," alisema. "Sisi tumesafisha na kushikiza tu. Huo hatukuuweka sisi."

Mwili ulinisisimka. Nilikuwa nimelala pale nanung'unika kuhusu uji, kumbe ndani yangu kuna kazi inaendelea wala sikuombwa hata kusaidia.

Nilipoacha magongo, nilikimbilia uwanjani. Nilitaka mkuki wangu kuliko kitu chochote. Lakini mguu ulikuwa mzito, na mkono haukujua kwamba kuna aliyeumwa. Ulirusha mapema, mguu ukiwa bado hewani. Mkuki ulianguka kwa ubavu karibu nami, nami nikaanguka nyuma yake, wanafunzi wakitazama. Nilirudi nyumbani nimeamua kuacha.

Jioni hiyo dada yangu Neema aliniita tutwange muhogo, watu wawili kinu kimoja, kama tulivyozoea tangu utotoni. Nilijaribu kwenda kwa kasi ya zamani. Michi ikagongana. Nikakasirika, nikatupa wangu chini. Neema aliuokota, akanirudishia.

"Mdogo wangu, buhoro, polepole tu," alisema. "Kanyaga kwanza. Mimi nitakusubiri."

Akaanza wimbo wetu uleule wa kutwangia, taratibu zaidi. Nikakanyaga, nikasikia uzito umefika kisiginoni, ndipo nikainua mchi. Michi haikugongana tena. Nilishangaa, nikacheka peke yangu: kama Neema anaweza kuusubiri mguu huu, mkono wangu mwenyewe unashindwa nini?

Nilirudi uwanjani. Nilifupisha mbio, nikapunguza kasi, mkono nikauacha nyuma hadi kisigino kiseme kimefika. Nilikosea sana. Halafu asubuhi moja mguu ulitua, ukasimama imara, na nguvu ikapanda kutoka ardhini, gotini, kiunoni, begani. Mkuki ulitoka ukiimba. Haukufika nilikokuwa nafika zamani, na sikujali. Nilipiga magoti nikaushika mguu wangu kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto.

Nawashukuru madaktari na wauguzi, na dada yangu. Shangazi naye nampenda, ila mawese tuyaache kwenye maharage, na kidonda tukipeleke hospitali. Na wewe uliyelala leo na vyuma mguuni, ukidhani hakuna kinachotokea: Mungu si Athumani. Nyamaza kidogo. Unaungwa.