Mabaki ya Kimbunga Kwenye Sendofu ya Eliamani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipiga magoti kwenye majani yenye umande, na sketi mpya niliyoshonewa kwa ajili ya ofisi. Mkuu wa Kituo chetu cha hali ya hewa, mzee mnene asiyependa maneno mengi, alinionyesha kipimamvua, lile kopo refu la bati linalochimbiwa ardhini, akanipa chupa nyembamba yenye mistari, akaniambia nimimine maji ya usiku nisome. Nikasoma nimesimama. Akatikisa kichwa. Nikainama, akatikisa tena. Nilipopiga magoti, jicho likawa usawa mmoja na maji, ndipo akaguna. "Sasa umeanza kazi," akasema, akaenda zake kunywa chai.

Nyinyi vijana mnafungua simu mnaona mawingu yamechorwa. Sisi tulikuwa wapimaji. Tulisoma vipimajoto ndani ya kile kibanda cheupe chenye mbao za kupitisha hewa, tukasoma upepo, tukatuma namba makao makuu, na huko ndiko utabiri ulikotoka. Mkuu wa Zamu wa Arusha mjini alikuwa mkali kama pilipili kichaa. Alitukataza kabisa kutabiri mitaani. Mtu akikuuliza njiani kama itanyesha, unampa taarifa iliyotolewa, hutoi ya kichwani mwako. Nilimchukia mwaka mzima, halafu nikamzoea, halafu nikawa kama yeye.

Baadaye nikapelekwa Olmotonyi, kwenye vipimo vya pembeni mwa msitu. Huko baridi ilinifunza kuvaa soksi mbili, na mlima ulinifunza mengine. Upepo wa mashariki ukipanda Meru, mlima unajinywea kwanza. Nkoaranga kwetu tunalowa mpaka migomba inalalamika, wakati huko chini Terrat watu wanaona mawingu yanapita tu. Kumbukeni hilo, maana litarudi mwaka wangu wa mwisho kazini.

Mwaka huo nilikuwa Mkuu wa Kituo, na binti yangu Eliamani alikuwa anaolewa Terrat, kwa familia ya wafugaji. Sendofu, yaani sherehe ya kumuaga, ilipangwa Jumamosi nyumbani kwetu Nkoaranga. Mvua zilikuwa zimechelewa vibaya. Wakwe zetu walikuwa wanapeleka ng'ombe mbali kutafuta maji, na bado walikubali kuja. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilishapikwa, na mbege ikishaiva haijui neno kuahirisha: unainywa au unaimwaga.

Basi wiki hiyohiyo kukawa na kimbunga baharini. Pwani watu walikuwa roho juu, na sisi Arusha anga lilikuwa jeupe peee. Jirani zangu wakasema Mungu ametuepusha. Wapi! Kimbunga chenye nguvu kikikaa mahali kama pale, huvuta unyevu wote kwake, huku bara tunabaki na vumbi. Alhamisi redio ikatangaza kwamba kimepungua nguvu. Kamati ya harusi ikashangilia. Mwenyekiti wake, Nderingo, mdogo wa mume wangu, akaamua palepale kwamba sherehe itakuwa uwanja wa mpira wa shule, peupe, maturubai makubwa, watu wapumue.

Nilikuja na taarifa rasmi mkononi, iliyotaja mvua kubwa na upepo mpaka mikoa yetu. Nikawaeleza kuwa kimbunga kikichoka ndipo kinapoachia maji kiliyoyabeba, na mabaki yake yanakuja upande wetu. Niliwaomba tuhamie ghala la kahawa la kijiji, lenye kuta na bati zima.

Nderingo alicheka mpaka akafuta machozi. "Shemeji, kimechoka. Redio yenu wenyewe imesema. Unataka kumuaga mtoto kwenye ghala, kama gunia?"

Wote wakacheka. Mimi nilikasirika, siwafichi, nikatoka nje nikalia kidogo nyuma ya zizi. Huyu ni kitinda mimba wangu. Nilikuwa namwona Eliamani na gauni lake katikati ya matope, wakwe wamelowa, chakula kinaelea. Nikampigia baba wa bwana harusi, Baba Lemayani, nikamuuliza kama tuahirishe.

"Mama Eliamani," akasema, "hiyo mvua unayoniogopesha nayo, itafika na huku kwetu?"

Nikamjibu kwa ile taarifa, kwamba inawezekana.

"Basi sisi tunakuja."

Nilirudi kwenye kamati nikiwa mtu mwingine. Nikawaambia mama wa binti ni mimi, na mbege ni yangu. Ijumaa kutwa akina mama walishusha masufuria kwenye vile vijia vyetu vya kuteleza mpaka ghalani, na wanaume wakaegemeza migomba kwa miti yenye panda. Nderingo, kwa ubishi tu, akabakiza turubai moja uwanjani, la wageni wa heshima.

Jumamosi upepo ulikuja mapema. Kusema kweli nilitegemea mkubwa zaidi. Nilikuwa nimewaambia watu wafunge kamba hadi kwenye banda la kuku. Upepo ukaridhika na migomba michache na turubai la Nderingo, lililopaa likatua juu ya mibuni ya mchungaji. Yeye mwenyewe alikwenda kulifuata, akarudi amelowa, akaingia ghalani akacheka kuliko sisi wote. Nikampa kata ya mbege, yakaisha.

Halafu ikaja mvua. Jamani! Bati liliunguruma mpaka mshereheshaji akawa anapanua mdomo tu. Hotuba zote zikafa, shukrani kwa Mungu, tukabaki na kucheza. Wageni wa Terrat walichelewa kwa sababu basi lao lilikwama njiani, wakapanda kilima kwa miguu, shuka zimewaganda mwilini, wanaimba. Eliamani alitoka mlangoni kuwapokea, na gauni lake, na matope yote niliyoyaogopa. Wala hakujali. Nikatoka nikamfuata.

Baba Lemayani alinishika mikono yote miwili. Simu yake ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni. Kijana wake alikuwa amempigia kutoka nyumbani: malambo yalikuwa yanajaa.

"Mmetupa binti, na maji, siku moja," aliniambia sikioni, kwa sababu ya kelele za bati. "Wale ng'ombe wa mahari tuliowaleta naona ni wachache. Nitaongeza mtamba."

Nilistaafu mwaka huo. Ofisi iliniaga kwa keki na saa ya ukutani, na Meneja wa Kanda akasema maneno mazuri ambayo nusu yake yalimhusu mtu mwingine. Mtamba alikuja kweli, sasa ana ndama, na mimi ninakunywa maziwa nikiwa kwenye kiti changu barazani. Vijana wa kituoni huniuliza kama naikumbuka kazi. Naikumbuka, na ningeifanya tena, hata ile baridi ya Olmotonyi.

Lakini kuna jambo sikuwahi kulipata kazini. Mvua ikianza Terrat, Eliamani hunipigia. Hasalimii, hasemi neno. Anainua simu juu ili nisikie bati la kwake linavyopigwa. Nami namwacha hivyohivyo, mpaka salio lake liishe.