Mlango wa Pikapu Niliyoiona Suna

Juzi nilikuwa nikingoja plagi kwenye duka la spea pale Suna, mwalimu mmoja mstaafu akaweka juu ya kaunta kisanduku cheusi kilichotolewa kwenye gari lake jipya.

"Hii ni kompyuta ya injini," muuzaji akamwambia. "Hapa hakuna, mwalimu. Tuagize Nairobi, wiki mbili."

Mwalimu akageukia barabara. Alikuwa amesikia mngurumo kabla sisi hatujaona kitu. Ikatokea pikapu kuukuu iliyojaa ndizi, na kwenye usukani mama mmoja kutoka Ntimaru, ambaye mwalimu alimuuzia pikapu hiyo mwaka jana.

"Mwalimu, unaenda nyumbani? Panda."

Akapanda, akapitisha kiganja kwenye dashibodi. Kisha akaushika mlango kwa mikono miwili, akauinua kidogo ndipo akauvuta, kama alivyozoea miaka ishirini. Ukagonga kwa kishindo.

"Siku hizi hauinuliwi," mama akasema. "Niliuwekea bawaba mpya."

Mwalimu akatazama mikono yake.

Gari jipya linajifanyia kila kitu lenyewe, hata kuharibika. Lile la zamani ndilo lililomhitaji, na sasa nalo limejifunza kufunga mlango bila yeye.