Wamebaki Watatu

Nimefundisha hesabu Handeni kwa miaka mingi kiasi kwamba maswali ya uwezekano nayajibu bila kuyasoma vizuri. Mfuko una mipira mitatu myeupe na mmoja mwekundu. Umetoa mmoja bila kuangalia, hukuurudisha, ukatoa wa pili. Sijawahi kuuona mfuko huo, wanafunzi wangu nao hawajauona, lakini kila mwaka tunaingiza mikono humo mpaka tunachoka. Swali limeandikwa kwa Kiingereza, mimi naeleza kwa Kiswahili, wale wa nyuma wanaelezana kwa Kizigua, na mwisho wa yote nusu ya darasa inasahau kuuliza jambo moja tu: mpira umerudishwa au haukurudishwa? Ukirudishwa, mfuko uko kama ulivyokuwa mwanzo. Usiporudishwa, mfuko umebadilika. Nimelisema hilo mpaka koo likakauka. Nimetoa maswali ya mazoezi ya namna hiyohiyo, daftari hadi daftari. Bado wanakosea. Zamani nilikuwa nagomba. Siku hizi naweka kosa, nafungua daftari jingine.

Mdogo wangu wa kike ameolewa Korogwe, anaishi Kilole na mumewe na mama mkwe wake. Mtoto wao wa kwanza, binti, ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Alianza kuvimba vidole kabla hajajua kutembea, wakadhani kabanwa na kitu, wakadhani malaria, wakazunguka na yule mtoto mpaka daktari mmoja akaagiza damu ipimwe. Baadaye wazazi nao wakapimwa. Wote wawili wanabeba kinasaba cha ugonjwa ule bila kuumwa. Muuguzi akawakalisha, akawaeleza kwamba kila mimba wanayopata, uwezekano wa mtoto kuumwa ni moja kati ya nne. Alieleza vizuri, mdogo wangu mwenyewe aliniambia. Ila walipofika nyumbani walikuwa wamebaki na ile "moja kati ya nne" tu.

Kwa miaka miwili hawakutaka kusikia habari za mtoto mwingine. Ukimwona binti yule siku maumivu yamempanda, amekunja magoti, halii kwa sababu kulia kunamwongezea maumivu, utaelewa. Mdogo wangu alikonda. Alikuwa akisikia mwanamke fulani ana mimba anaondoka mahali pale.

Mama mkwe ndiye aliyeanza kupiga hesabu. Ni mama wa Kisambaa aliyeteremka kutoka milimani zamani, mchapakazi, mwenye upendo, na akili yake haina kutu hata kidogo. Alisema kama ni mmoja katika wanne, basi huyo mmoja keshazaliwa. Mnaogopa nini tena?

Mdogo wangu akanipigia simu. Ilikuwa alasiri, niko ofisi ya walimu, mbele yangu rundo la madaftari ya kidato cha tatu ambayo nilitakiwa kuyarudisha kesho yake. Nilikuwa na vipindi tangu asubuhi na miguu inawaka moto.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mtoto hajambo?"

"Hajambo kidogo. Dada, nikuulize kitu cha hesabu. Ikiwa ni mmoja kati ya wanne, na huyo mmoja keshatoka, wanabaki watatu wazima, sivyo?"

Nilikuwa na kalamu mkononi. Macho yalikuwa kwenye daftari la mwanafunzi, na kwenye daftari lile, nawaambia kweli, lilikuwa swali la mfuko, bila kurudisha. Mpira mwekundu umeshatoka.

"Ndiyo," nikasema. "Wamebaki watatu."

"Wote wazima?"

"Wote."

Akashusha pumzi ndefu. Akanishukuru, akaniambia nipumzike, nisijiue na kazi za watu. Nikakata simu, nikampa mwanafunzi yule vema yake.

Nilisahihisha madaftari mawili au matatu zaidi kabla mkono haujasimama. Nikajua nilichofanya. Watoto hawatoki kwenye mfuko mmoja unaopungua. Kila mimba ni mfuko mpya, na ule mpira mwekundu umo tena. Kosa ambalo nawawekea watoto wa watu kila siku nilikuwa nimelifanya mimi, kwa sauti ya mwalimu, kwa mtu aliyeniamini.

Nikasema nitampigia jioni. Jioni nikasema nipumzike kwanza, jambo hili linataka maelezo marefu. Kesho yake kulikuwa na kikao. Halafu ikaja mitihani, usimamizi, alama za kujaza. Naandika sababu hizi na mwenyewe naziona hazina uzito, lakini ndivyo siku zilivyokwenda. Uchovu haukunizuia kula wala kuoga, ulinizuia kupiga simu moja tu. Ukweli ni kwamba niliogopa kuisikia tena ile sauti yake ya zamani, ya hofu.

Alipopiga yeye ilikuwa kuniambia ana mimba. Alikuwa anacheka. Nikampa hongera.

Baada ya hapo nilijiambia hakuna faida ya kumtia hofu mwenye mimba. Mtoto alipozaliwa, wa kiume, nikajiambia tusubiri afike umri wa kupimwa. Nilikuwa nasimama ubaoni nafundisha uwezekano wa mtoto wa watu niwajuao, na darasa linadhani naongea habari za mipira. Robo tatu mzima, robo moja mgonjwa. Nikiwa darasani robo ni kitu kidogo. Nikiwa kitandani naamka nayo.

Majibu yalitoka mtoto akiwa amepita miezi sita. Hana ugonjwa. Mdogo wangu alipiga kelele kwenye simu mpaka nikaiweka mbali na sikio, kisha nikakaa chini kwenye ngazi za darasa nikalia, na wanafunzi waliokuwa wanapita wakadhani nimefiwa.

Jumamosi nikaenda Kilole. Mama mkwe alikuwa amepika wali na kuku, na aliponiona akanipokea kama mganga aliyeponya mtu.

"Mwalimu wetu! Hesabu yako imetimia."

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapa." Akanyoosha vidole vinne mbele ya uso wangu, akakunja cha kwanza kwa ajili ya mgonjwa, akakunja cha pili kwa ajili ya huyu mzima. "Wamebaki wawili. Nimewaambia wasikae sana, wamalizie mapema."

Mdogo wangu akatabasamu, akainamia masufuria. Nikaona kabisa kwamba keshakubali.

Chakula kilinishinda. Nikaomba kikombe, na maharage manne kutoka kwenye ungo uliokuwa pale barazani, matatu meupe na moja jekundu. Nikawaambia hili jekundu ndilo ugonjwa. Nikamwambia mdogo wangu atoe moja bila kuangalia. Akatoa jeupe, wakashangilia. Nikalichukua, nikalirudisha kikombeni, nikatikisa, nikamwambia atoe tena.

"Ngoja," mama mkwe akasema. "Umelirudisha kwa nini? Mtoto akishazaliwa anarudi tumboni?"

Mdogo wangu akacheka. Hata mimi ningecheka siku nyingine. Miaka yote ile ya kufundisha, hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza swali zuri kama lile.

"Harudi, mama. Ila damu ya baba na damu ya mama ni zilezile. Kila mimba kikombe kinajaa upya, yote manne. Hili jekundu haliondoki."

"Kwa hiyo hata wa tatu?"

"Hata wa tatu. Hata wa nne. Wanaweza kutoka wote wazima, wanaweza kuumwa wote. Hakuna waliobaki."

Mama mkwe akavitazama vidole vyake, viwili bado vimenyooka. Akavikunja taratibu, akaondoka kwenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Mdogo wangu alikuja kukaa karibu nami, akanikabidhi mtoto nimpakate. Mzito, ana jasho shingoni, ananuka maziwa. Binti mkubwa alikuwa ndani amelala.

"Dada, ulijua lini?"

"Siku ileile. Kabla sijamaliza kusahihisha."

"Mimi nilikuwa bado sijashika mimba."

"Ulikuwa bado."

Nilitaka anigombeze, ningeona nafuu. Akamshika mtoto mguu, akauchezesha.

"Ungeniambia siku ile, huyu asingekuwepo."

Nilikuwa nimeshajifariji na hilo njia nzima kutoka Handeni, na kulisikia kinywani mwake kulinitia aibu.

"Na majibu yangetoka mabaya," akasema, "leo ungekuja kuniambia?"

Nilikuwa naweza kusema ndiyo. Angeniamini, kama alivyoniamini mara ya kwanza, kwa sababu mimi ni dada yake na ndiye mwenye hesabu katika familia.

"Hapana," nikasema. "Nisingekuja."

Akatikisa kichwa, akamchukua mtoto mapajani mwangu, akaingia ndani kumwamsha binti anywe dawa.